Birika la chuma la Bibi limekataa jiko langu. Nibadilishe nini, niache nini?

Binti Pangani (mleta mada)

Wakuu, habari za huko mliko. Najua humu tumezoea mambo ya viza, vibarua na bei ya mchele, lakini leo nimekuja na birika. Nivumilieni.

Niko Sendai, Japani, mwaka wa pili chuoni, nasomea ubunifu wa vyombo vya nyumbani. Muhula huu tumepewa kazi: chagua chombo cha zamani cha huku Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, kibuni upya kimfae mtu anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja chenye jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku, bila moto. Wenzangu wamekimbilia vikapu na bakuli za mbao. Mimi nikachukua tetsubin, lile birika la chuma la kuchemshia maji linalotengenezwa mkoa wa Iwate, hapo juu yetu tu. Si kwamba naipenda sana historia. Ni kwa sababu ya mama mwenye nyumba wangu.

Bibi huyu ana miaka 78. Birika lake lilikuwa la mama mkwe wake: jeusi, tumbo la mviringo, limejaa vipele kama ganda la fenesi. Siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Nilipomuuliza kwa nini halitumii, hakunipa maelezo marefu. Alishika kifundo cha mkono wake wa kulia, akasema "omoi", zito, akaendelea kumenya figili.

Akaniazima. Nimelipima: kilo 1.9 likiwa tupu, na linachukua lita 1.2. Kwa hiyo likijaa Bibi ananyanyua kilo 3.1 kwa mkono mmoja, tena juu ya maji yanayotokota. Nikaliweka kwenye jiko langu. Jiko likalia mara tatu, likazima. Nikaenda kwenye kitabu cha maelekezo: chombo kiwe na kitako kisichopungua sentimita 12. Hili lina 9. Nikachemshia chini kwa Bibi, yeye ana gesi. Kisha nikafanya ujinga wa kuacha maji ndani usiku kucha. Asubuhi namimina, maji yana rangi ya udongo wa Korogwe. Nusura nilie. Birika la mama mkwe wa mtu!

Nimechora michoro mitano. Profesa kapenda wa tatu: umbo la mraba, rangi ya waridi hafifu, ndani enameli nyeupe ili lisishike kutu, mkono wa mbao. Anasema ndiyo itakayouzika. Mimi moyo haujatulia, na siwezi kusema kwa nini. Je, nikitia enameli nimelitengeneza au nimeliua? Chuma kinaweza kuwa chembamba zaidi? Kama humu kuna anayejua kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, au hata anayelitumia tu nyumbani, naomba anifungue macho. Uwasilishaji ni baada ya wiki tano.

Njoro wa Saitama

Sister, mimi nina birika la umeme, nimelinunua yeni elfu tatu, mwaka wa nne huu. Nabonyeza, navaa soksi, maji yamechemka. Mtu wa chumba kimoja ana shida gani ambayo chuma cha kilo mbili kitamtatulia? Siulizi kwa ubaya. Hilo ndilo swali profesa angepaswa kukuuliza kabla ya kuzungumzia rangi.

Kalibu

Mdogo wangu, salaam. Nimezaliwa mtaa wa Gerezani, Dar, nimekulia katikati ya nyundo na bati, na sasa ni mwaka wa kumi na moja niko kwenye kiwanda kidogo cha kusubu hapa Mizusawa, mji wa Oshu. Humu ndani ya Iwate kuna sehemu mbili za kazi hii, Morioka na kwetu Mizusawa. Kazi za zote mbili watu huziita Nanbu tekki, vyombo vya chuma vya Nanbu, ingawa kila upande unajua upande upi ndio wenyewe. Nimeyeyusha, nimemimina, nimepiga tupa, na nimebeba mabirika yaliyoharibika kurudisha tanurini mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa hiyo nitakujibu kwa mkono, si kwa kitabu.

Kwanza mwenzetu Njoro asipuuzwe. Hesabu yake ni hii. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inakula kama kilojuli 335. Chuma cha kilo 1.9 nacho lazima kipate moto, kinakula kama 70 zaidi. Birika la umeme la wati 1,250 linamaliza ndani ya dakika nne na nusu. Birika la chuma usilipige moto mkali, tuseme unalipa wati 700 zinazoingia kweli: karibu dakika kumi. Kwa mbio halishindi, na usimdanganye mtu kwenye karatasi yako kwamba litashinda. Anayelitaka analitaka kwa mambo mengine: maji yake ni laini mdomoni, linatoa chembe kidogo za madini ya chuma kwenye maji, likikaribia kuchemka lina mluzi wake, na ukilitoa jikoni linakaa na joto wakati wewe bado unatafuta kikombe. Asiyejali hayo, mwache na soksi zake.

Sasa enameli. Hapa ndipo moyo wako ulipokwama, na umekwama mahali pazuri.

Yale mabirika ya rangi unayoyaona madukani, ya waridi, ya kijani, ya buluu, si tetsubin. Ni kyusu, vyombo vya kutengea chai. Ndani yana enameli, na enameli ni kioo kilichopakwa juu ya chuma. Kioo na chuma havitanuki sawasawa. Kiweke motoni, hasa maji yakiisha bila wewe kujua, kioo kinapasuka vipande vipande, na chini yake chuma kiko uchi kinaanza kuoza mahali usipopaona. Ndiyo maana kwenye karatasi yake huandikwa usiweke jikoni. Yaani ni birika linalohitaji birika jingine la kulichemshia maji! Siyatukani, yametulisha. Iwachu wa Morioka, kampuni iliyoanza 1902, walianza kupeleka kyusu za rangi Ulaya miaka ya 1990 baada ya wauza chai wa Paris kuzitaka, na soko hilo limewaweka mafundi wengi kazini. Lakini kazi uliyopewa ni chombo cha kuchemshia maji. Ukitia enameli umebuni chombo kingine, na yule mtu wa chumba kimoja sasa anahitaji viwili.

Ndani ya tetsubin la kweli kuna ngozi nyembamba ya rangi ya majivu ya buluu. Haikupakwa. Birika likishatoka kwenye kalibu, lile umbo la kumiminia chuma, linazikwa kwenye makaa mpaka liwe jekundu, kati ya nyuzi 800 na 1,000, na uso wa chuma wenyewe unageuka kuwa kutu nyeusi, ile isiyoendelea kula. Kazi hiyo inaitwa kanakedome, kuzuia ladha ya chuma. Birika la Bibi lina ngozi hiyo, au lilikuwa nayo kabla mtu hajalisugua. Je, ulilisugua? Sema kweli.

Ushauri wangu kwa kifupi: ndani usiguse. Badilisha chini, badilisha mkono, badilisha ukubwa. Rangi iwe ya mwisho, kama itabaki nafasi.

Tuanze na ukubwa, maana kila mwanafunzi anayekuja kiwandani kwetu anakimbilia wembamba. "Fundi, si tupunguze kutoka milimita tatu hadi mbili?" Inawezekana. Kwa birika kama la Bibi utaokoa kama gramu 450. Ila chuma tunakimimina kikiwa kama nyuzi 1,400, na unene wa birika ni ule uwazi kati ya kalibu ya nje na kiini cha mchanga cha ndani. Uwazi ukiwa milimita mbili chuma kinaganda njiani kabla hakijazunguka tumbo lote, au kiini kinasogea kidogo tu, upande mmoja unakuwa milimita tatu na upande wa pili una tundu. Mafundi wa Yamagata wanasifika kwa kusubu vitu vyembamba, na wanastahili sifa hiyo. Lakini ujue kwamba mteja wa birika jembamba analipia na yale yaliyokataliwa.

Sasa fikiria hivi: mtu wa peke yake anahitaji lita 1.2 za nini? Kikombe chake ni mililita 200. Mpe maji ya vikombe vitatu, mililita 600, na tumbo lenye nafasi ya mililita 800 ili yasifoke. Bila kupunguza unene hata kidogo, mwili unashuka hadi kama kilo moja. Mkono na kifuniko ongeza gramu 200. Likiwa na maji ni kilo 1.8. Yaani likiwa limejaa ni jepesi kuliko la Bibi likiwa tupu. Wembamba hauwezi kukupa hilo hata ulie.

Halafu kitako. Tetsubin la zamani lilikalia makaa, kwa hiyo kitako kidogo hakikuwa na shida, moto ulilamba tumbo zima. Indaksheni hailambi chochote, inapasha ile duara ya chini tu, tena haraka. Unahitaji bapa la sentimita 12 na ushee. Kwa mililita 800 maana yake ni birika pana na fupi, kama boga lililokaliwa: upana 14, urefu 8, bila mkono. Bapa lenyewe liwe nene kuliko mbavu, milimita nne hivi, na pale bapa linapokutana na ubavu pasiwe na kona. Paviringishe. Chini kunawaka, ubavu bado wa baridi, kona ndiyo inayopasuka. Na mtumiaji aanze na moto mdogo, uandike hilo kwa herufi kubwa, maana majiko ya volti 200 yana nguvu ya kupindisha chuma.

Kuhusu umbo la mraba nitakuambia ukija. Kutoka Sendai panda shinkansen, treni ya mwendo kasi, ile inayosimama vituo vya njiani, ushuke Mizusawa-Esashi, utaona birika kubwa la chuma nje ya stesheni, hata mtoto hapotei. Njoo Jumamosi tukimimina.

Shangazi wa Kuze

Mwanangu mleta mada, mimi niko Mombasa, Mji wa Kale, na nina ushahidi wa hilo la enameli kutoka jikoni mwangu. Mwanangu wa kike yuko Osaka, aliniletea birika dogo la chuma la rangi ya manjano, zuri ajabu. Mimi nikaona chuma, nikasema chuma ni cha moto. Nikatia gesi, nikatia maji, nikaenda kupokea simu. Simu za hapa unazijua. Niliporudi maji yamekauka na ndani mumepasuka kama ganda la yai. Kosa ni langu, karatasi ilikuwa na picha ya moto iliyopigwa mstari, lakini nani husoma karatasi ya birika? Sasa naweka humo vipande vya udi.

Kwa hiyo muulize huyo profesa wako: mtu akipewa kitu cha chuma chenye umbo la birika, mkono wake utakipeleka wapi?

Jengine. Babu yangu alikuwa muuza kahawa, alizunguka na dele la shaba lenye makaa chini yake. Ule mkono wa dele ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinabadilishwa, si mkono. Mie naona wabunifu mnapenda mbao kwa kuwa zapendeza pichani. Mbao karibu na mvuke kila siku yalegea. Na swali kwa fundi: maji yetu ya kisima yana chumvi, sufuria zote zina utandu mweupe ndani. Birika hilo litaishi huku?

Kalibu

Shikamoo Shangazi. Hapo kwa picha ya moto umenichekesha, na umesema neno ambalo mbunifu angepaswa kulilipia.

Utandu mweupe wenyewe si adui. Huku maji ni laini, hivyo unajijenga polepole sana, na wenye mabirika wanaufurahia, maana unafunika chuma. Wanaousugua ndio wanaoliharibu. Chumvi ndiyo mbaya. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi yatalila birika hili hata ulipende vipi. Lichemshie maji ya mvua au ya chupa, au liache Japani.

Mkono: uko sahihi. Mafundi wa huku wana jibu la zamani ambalo sijaona bora kuliko hilo. Wanachukua bamba la chuma, wanalipiga nyundo mpaka linajikunja kuwa bomba, wanafunga mshono. Mkono uko wazi ndani kama mwanzi. Ni mwepesi, na joto linachelewa kupanda. Wanaofanya kazi hiyo ni mafundi wa mikono ya mabirika peke yake, wengine hawagusi birika kabisa, na wamebaki wachache. Mikono mingi ya bei nafuu ni chuma kizima, na hiyo inachoma. Ila indaksheni inakupa zawadi moja: hakuna ndimi za moto zinazopanda ubavuni. Kinachopasha mkono zaidi ni mvuke wa kifuniko. Kwa hiyo, Binti, ukisogeza tundu la mvuke mbali na pale kiganja kinapokaa, unaweza kuushusha mkono, na birika likaingia kabatini.

Binti Pangani

Shikamoo Shangazi, shikamoo Kaka Kalibu. Nakiri: nililisugua. Kwa stilwaya. Naomba msinipige mawe.

Nilikwenda Mizusawa Jumamosi. Wakuu, sijawahi kuona kitu kama kile. Nilidhani chuma kilichoyeyuka kitakuwa chekundu, kumbe ni cha machungwa yanayoelekea kuwa meupe, na kinamiminika kama uji mwepesi. Watu wawili wamebeba chungu, hawasemi neno, wanakwenda kalibu moja hadi nyingine kwa hatua fupi fupi. Dakika chache mambo yamekwisha na wote wamekaa chini wanakunywa chai ya shayiri. Kwenye kona kuna lundo la mabirika yenye matundu, yanasubiri kurudi motoni. Kaka Kalibu akaokota moja, akachungulia jua kupitia tundu la ubavuni, akasema, "Huyu alitaka milimita mbili."

Umbo la mraba limekufa hapo hapo. Kumbe kalibu ya ile kazi ya mkono, yakigata, inatengenezwa kwa kuzungusha kibao kilichokatwa kwa umbo la nusu ya birika ndani ya udongo na mchanga. Kibao kinazunguka mhimili wake, kwa hiyo kinachotoka ni duara, hakiwezi kuwa kingine. Vile vipele vya fenesi vinadungwa baadaye kwa kijiti, kimoja kimoja, kalibu ikiwa bado na unyevu. Nilijaribu safu moja. Safu yangu ilikuwa imelewa. Mchanga mbichi wa kiwandani, namagata, ungeweza kutoa mraba, lakini mfano lazima uwe na mteremko ili uchomoke bila kubomoa mchanga, na bado nabaki na kona nne za kupasuka. Nimechora miezi miwili bila kujua kitu hicho.

Nilimuuliza kama kubadilisha umbo la zamani si kukosa adabu. Akacheka. Akanieleza kwamba mwaka 1659 bwana wa ukoo wa Nanbu, watawala wa Morioka enzi hizo, alimwita Koizumi Nizaemon kutoka Kyoto aje kusubu vyungu vikubwa vya sherehe ya chai, vile visivyo na mdomo wala mkono, unachota maji kwa kata ya mwanzi. Ni kizazi cha tatu cha Koizumi kilichopunguza chungu kile, kikakitia mdomo na mkono. Tetsubin lenyewe lilizaliwa kwa mtu aliyeona chungu ni kikubwa mno kwa nyumba ya kawaida.

Nina swali moja limebaki. Mimi si mzembe sana, na bado niliacha maji usiku kucha. Mtu anayetoka kazini saa nne usiku ataacha pia. Nifanyeje?

Njoro wa Saitama

Huyo mtu ni mimi. Nisaidieni.

Kalibu

Hili ndilo swali la kisasa kweli, zaidi ya indaksheni. Zamani nyumba ilikuwa na mtu siku nzima, na birika halikupoa.

Kulikausha ni rahisi: ukishamimina, mimina yote, usibakize hata kikombe kimoja, acha kifuniko wazi. Chuma bado kina joto, kinajikausha chenyewe. Kazi ya mbunifu ni kumfanya Njoro afanye hivyo bila kufikiria. Mdomo wa juu wa la zamani ni mdogo na giza, huoni kama kuna maji. Upanue. Kwa birika la upana wa 14 unaweza kutoa mdomo wa sentimita 8, ukachungulia mpaka chini. Lakini usiusogeze upande wa mdomo wa kumiminia, maana birika fupi na pana likiinama maji yote yanakimbilia mbele, yatatokea kwenye kifuniko. Na kile kipimo cha vikombe vitatu kinakusaidia tena: anachemsha anachokunywa, hakibaki cha kulala humo.

Na ikitokea limelala na maji, asikimbilie stilwaya (nakutazama wewe). Maji yakichemka yakawa meupe, kutu ya ndani haina neno, endelea kunywa. Yakiwa mekundu, funga majani ya chai ya kijani kwenye kitambaa, chemsha kwa moto mdogo nusu saa, acha yapoe humo humo, rudia mara mbili tatu. Ukali wa chai unashikana na kutu unakuwa mweusi kama wino. Ni kitu kile kile wanawake wa Kijapani wa zamani walichopaka meno yakawa meusi, na mafundi wetu hadi leo wanapaka maji hayo nje ya birika kulipa rangi, baada ya urushi, ule utomvu wa mti wanaoutumia kama vanishi. Fanya hivyo kwa la Bibi kabla hujarudisha.

Shangazi wa Kuze

Meno meusi! Nasi tulikuwa na uraibu wetu wa tambuu, meno mekundu. Haya, endeleeni.

Binti Pangani

Nimerudi na habari. Chai ya kijani imefanya kazi, mara ya tatu maji yametoka safi. Nimemrudishia Bibi birika lake na kumwambia ukweli wote wa stilwaya. Kasema hata yeye aliwahi kulisugua mwaka alioolewa, na mama mkwe hakumsemesha siku mbili.

Mchoro mpya ni boga lililokaliwa, jeusi, upana 14, bapa 12.5, mdomo wa juu 8. Nimelichapa kwa plastiki chuoni, nikabandika washa za bolti ndani, nyingi chini na chache ubavuni, mpaka mizani ikasoma kilo 1.2. Mkono nimekunja kwa bomba la alumini, kwa muda. Profesa aliuliza waridi iko wapi. Nikamwomba aniruhusu nilete mtu wa kulijaribu mbele ya darasa. Nikamleta Bibi.

Alivaa kanzu yake ya kutokea. Nikatia mililita 600 za maji ya bomba, akalinyanyua kwa mkono ule ule wa kulia, akamimina vikombe vitatu bila kushika kifundo. Darasa likapiga makofi. Bibi hakutabasamu. Alichukua kidole akakipitisha chini ya mdomo wa birika, akamwonyesha profesa: tone. Akaweka birika mezani, akalinyanyua, akamimina tena, akaonyesha: tone jingine, linateremka ubavuni hadi kwenye meza. Akasema la mama mkwe wake halijawahi kufanya hivyo.

Kaka Kalibu, nina siku kumi na moja.

Kalibu

Bibi huyo tungemwajiri.

Umeviringisha ncha ya mdomo, sivyo? Ipendeze. Maji yanapenda kuzunguka kitu cha mviringo, yanashikilia mpaka chini ya mdomo. Chukua tupa, upande wa chini wa ncha uukate uwe mkali, kama ukingo wa bati, kisha nyuma yake kidogo uchimbe mfereji mwembamba. Upande wa juu acha ulivyo. Na uinue ncha nusu sentimita, kwa kuwa birika lako ni fupi unalazimika kuinamisha taratibu, na maji yanayotoka taratibu ndiyo yanayodondoka. Jaribu kwa plastiki kwanza. Ukitosheka nitumie kibao cha umbo, nusu yake tu, kwa kadibodi ngumu. Alhamisi ijayo tuna nafasi ya kalibu moja.

Binti Pangani

Nakata kadibodi sasa hivi.